Usimsalimie Mhesabu

Ripoti ilikuwa na kurasa arobaini na moja, na kila aliyepewa nakala alisema ataisoma. Jalada lake lilikuwa na jina refu lenye maneno "tathmini" na "athari", lakini pale ofisini waliiita ripoti ya sinema. Ilitakiwa ijibu swali moja: jumba jipya la sinema, lililofunguliwa katikati ya mji miezi mitano iliyopita, limeufanyia mji nini?

Aliyeiandika alikuwa mtakwimu wa manispaa, mwanamke wa miaka thelathini na tisa ambaye wenzake walimwita Desimali. Jina hilo alilipata mwaka wake wa kwanza kazini, alipokataa kusaini jedwali lililosema "karibu nusu" na kuuliza, mbele ya watu, karibu kwa kiasi gani. Alidhani litamtoka baada ya muda. Miaka kumi na minne ilikuwa imepita.

Sehemu kubwa ya jibu haikuwa na utata. Kabla ya jumba kufunguliwa, barabara kuu ilipitwa na watu 2,940 kwa saa. Sasa walikuwa 4,057, ongezeko la asilimia thelathini na nane. Duka la samani lililokuwa mkabala na jumba lilihama, mahali pake pakaja duka la aiskrimu. Kituo cha mabasi kilisogezwa mita tisini, na kwa wiki mbili za mwanzo abiria waliendelea kusubiri pale pa zamani kwa mazoea. Watu walivaa vizuri zaidi siku za kazi. Wengine waliingia kupanda ngazi za umeme tu, wakafika juu, wakashuka, wakaenda zao. Wengine waliingia kwa sababu vyoo vilikuwa safi na kulikuwa na ubaridi. Harufu ya bisi ilifika hadi kwenye dirisha la ofisi ya ardhi, ambako makarani walilalamika kwamba inawatia njaa saa nne asubuhi. Yote hayo yalikuwa kwenye ripoti, isipokuwa ile njaa.

Shida ilikuwa ukurasa wa ishirini na tisa, wenye kichochoro.

Kichochoro hicho kilipita ubavuni mwa jumba la sinema, kutoka barabara kuu hadi sokoni, urefu wa mita mia moja na arobaini. Kilikuwa na vibanda kumi na tisa: fundi funguo, mafundi viatu wawili, cherehani tatu, muuza betri, mwenye fotokopi, na wengine. Wenye jumba waliomba kigeuzwe njia ya kutokea magari. Kanuni ya manispaa ilisema kwamba njia ya miguu inayopitwa na watu chini ya mia nne kwa saa inaweza kugeuzwa, na inayopitwa na mia nne au zaidi haiguswi. Kabla ya jumba kufunguliwa, kichochoro kilipitwa na watu 1,692 katika saa nne za kuhesabia, zilizotawanywa kuanzia asubuhi hadi jioni, yaani 423 kwa saa. Hesabu mpya ilitakiwa ifanyike siku nne, siku moja kila wiki. Siku tatu zilikuwa zimekwisha, na wastani wake ulikuwa 689, yaani 172 kwa saa. Siku ya nne haikutarajiwa kubadili kitu.

Maelezo yake yalikuja yenyewe, kila mtu akayakubali kabla hata ya kuona namba. Jumba lilikuwa limewavuta watu barabarani, likakiacha kichochoro kikavu. Wakubwa waliamini hivyo. Watu wa vibandani waliamini hivyo zaidi ya wakubwa.

"Tangu wafungue hilo jumba," fundi funguo alimwambia Desimali siku moja, "hata watu hawapotezi funguo."

Desimali hakuhesabu kichochoro yeye mwenyewe. Mwenye fotokopi alikuwa mama yake mdogo, ndiye aliyemlea tangu akiwa na miaka sita, na mwanzoni mwa kazi hii Desimali alimwandikia mkuu wa idara barua ya mistari minne kueleza uhusiano huo na kujitoa. Alifanya hivyo kwa sababu ndivyo inavyotakiwa. Baadaye, usiku usingizi ulipogoma, alihisi pia ahueni kwamba namba ile haikutoka mkononi mwake.

Jumamosi alipita kibandani kumletea mama mdogo dawa ya presha. Alimkuta ameinama juu ya mashine, miwani ikiwa imemshuka puani, akiandika kitu kwenye daftari.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Umekonda. Kaa hapo, usikanyage maji."

Nyuma ya kibanda palikuwa na bomba lililovuja tangu Desimali akiwa shule ya msingi. Alivuta kigoda mbali na dimbwi.

"Unaandika nini?"

"Namba ya mashine. Fundi anataka kujua imetoa kurasa ngapi, asije akanibadilishia roli kabla ya wakati wake. Kila Jumamosi naandika." Akamgeuzia daftari. "Nyie si ndio mnapenda namba?"

Desimali akaisoma safu ya namba kutoka juu hadi chini, kisha kutoka chini hadi juu. Mwaka jana, wiki kama hizi, mashine ilitoa kurasa kama 2,100 kwa wiki. Katika wiki nne hizi za mwisho ilikuwa inatoa 2,300 na zaidi.

"Mama, si mlisema biashara imekufa?"

"Imekufa."

"Mbona mashine inasema haijafa?"

Mama mdogo alivua miwani akaifuta kwa upindo wa khanga. "Mashine haikai hapa kutwa nzima. Mimi ndiye ninayekaa. Wewe uliza mtu yeyote hapa, atakwambia kimekufa. Tumechoka, mwanangu. Tunakuja, tunafungua, tunafunga. Sasa nimeambiwa mnaleta magari."

"Sileti mimi."

"Najua. Wewe unaandika tu."

Desimali alirudi kwenye daftari. Kurasa za fotokopi si watu. Mtu mmoja anaweza kunakili kitabu kizima. Lakini namba mbili zilikuwa zinaelekea pande mbili tofauti, na yeye hakuwa na uwezo wa kuliona jambo kama hilo akalipita.

*

Hesabu ya kwanza, ya kabla ya jumba, ilifanywa na wanachuo. Hii ya pili iliangukia kipindi chao cha mitihani, kwa hiyo manispaa ikawachukua wastaafu wake. Kichochoro alipewa mzee mmoja aliyesoma mita za maji kwa miaka thelathini na moja, ambaye mji mzima ulimwita Mzee Mita. Desimali mwenyewe alimpendekeza. Hakukuwa na mtu makini kuliko yeye. Fomu zake zilikuwa safi, saba zake zikiwa na kamstari katikati, na hakuwahi kuchelewa hata dakika moja.

Alhamisi ilikuwa siku ya nne, ya mwisho. Saa tisa alasiri Desimali alienda akasimama kwenye kizingiti cha duka la betri, mita sita nyuma ya kiti cha mzee, mkononi akiwa na kaunta yake. Ni kidude cha chuma kinachoenea kiganjani: unabonyeza kwa kidole gumba, namba inapanda moja. Alihesabu nusu saa.

Haikuchukua nusu saa kuelewa. Ilichukua kama dakika nne.

"Shikamoo, Mzee Mita," alisema mwanamke mmoja, akisimama mbele ya kiti.

Mzee alitoa kidole kwenye kaunta, akaiweka juu ya goti, akainua uso. "Marahaba, mama. Watoto hawajambo?"

"Hawajambo kabisa."

"Na yule anayeumwa kifua?"

"Anaendelea vizuri. Wanaoga sasa, lile bomba la uani ulilotuambia tulibadilishe tulibadilisha."

"Mlifanya la maana. Nisalimie nyumbani."

Mwanamke akaenda. Wakati wote huo watu saba walikuwa wamepita nyuma yake. Mzee akachukua kaunta, akabonyeza mara mbili kwa watu wawili wageni waliokuwa wakipita wakati ule, kisha akaiweka tena gotini, kwa sababu seremala mmoja alikuwa amesimama mbele yake.

"Mzee Mita, leo unatusoma sisi?"

"Nakusoma, na unavuja."

Seremala alicheka hadi akashika ukuta. Watano wakapita.

Kwa miaka thelathini na moja mzee yule alikuwa ameingia katika kila ua wa sehemu ile ya mji, mara moja kila mwezi. Hakukuwa na mtu wa kichochoro asiyemjua. Wanachuo hawakujulikana na yeyote, kwa hiyo walihesabu kila kilichotembea. Mzee Mita alihesabu wageni tu. Nusu saa ilipokwisha, kaunta ya Desimali ilisoma 221. Ya mzee ilisoma 88.

Alisogea, akachutama kando ya kiti.

"Shikamoo, mzee wangu."

Kaunta ikaenda gotini. "Marahaba, binti. Umekuja kunikagua?"

"Nimekuja kuuliza. Yule mama wa kwanza, aliyesema habari za bomba, ulimhesabu?"

"Yupi?"

"Aliyekuamkia."

Mzee alimtazama kama mtu aliyeulizwa kama huwa anavaa viatu. "Mtu amesimama kunijulia hali, binti, mimi nimbonyeze?"

"Baada ya kuondoka je?"

"Akiondoka ameondoka. Nitambonyeza mgongoni?" Akatikisa kichwa. "Hao nawajua. Nilidhani mnataka hawa msiowajua."

Hakukuwa na dhihaka katika jibu lake. Desimali akakumbuka kwamba mafunzo ya wahesabu yalichukua dakika ishirini, kwamba yeye ndiye aliyeyatoa, na kwamba zilikwisha kwa kuonyesha namna ya kurudisha kaunta kwenye sifuri.

*

Lifti ya manispaa ilikuwa imekufa tangu mwezi uliotangulia. Ijumaa asubuhi alipanda ghorofa nne kwa ngazi, akasimama mlangoni kwa mkuu wa idara hadi pumzi iliporudi.

Mkuu alisikiliza bila kumkatiza. Alikuwa amebakiza miezi kumi na moja kustaafu, na siku hizi alisikiliza kila jambo hivyohivyo, mikono juu ya meza, macho kwenye kalenda.

"Kwa hiyo kichochoro hakijapoteza watu," akasema.

"Sijui. Ninajua kwamba hatujui."

"Dada, kamati inakaa Alhamisi. Ripoti imeshasambazwa."

"Hawajaisoma."

"Hiyo si hoja." Akakuna nyusi. "Namba mpya itatoka wapi? Hii ya kwako ya nusu saa? Kichochoro kile kina mama yako ndani."

"Mama mdogo."

"Ndiyo niliyosema. Wenye jumba wataiona barua yako ya kujitoa kwenye jalada, halafu wataiona namba yako. Watatucheka." Akavuta fomu nne za Mzee Mita, akazigeuza. "Hizi zina saini. Anayeweza kuzitengua ni aliyezisaini. Akiandika mwenyewe kwamba hesabu zake hazikuwa sahihi, na kwa nini, ninakupa Jumanne kuhesabu upya. Asipoandika, ukurasa wa ishirini na tisa unabaki ulivyo."

"Barua yake itasomwa kwenye kamati?"

"Kila kitu kinasomwa kwenye kamati. Ndiyo maana zinachosha."

Alikuwa sahihi, na Desimali alishuka ghorofa nne akitafuta mahali ambapo hakuwa sahihi. Hakupaona.

*

Mzee Mita aliishi chumba na sebule nyuma ya ghala la mbao. Mita yake ya maji ilikuwa ukutani, kando ya mlango, na kioo chake kilikuwa kimefutwa kikang'aa. Alimkaribisha, akampa kiti chenye mto, yeye akakaa kwenye kisicho na mto. Baada ya kujuliana hali kwa ukamilifu wake, ambako Desimali hakukuharakisha, alimweleza. Alitumia namba, kwa kuwa alijua mzee angeziheshimu kuliko maneno. Mia mbili ishirini na moja. Themanini na nane. Mia nne kwa saa. Vibanda kumi na tisa.

Mzee alitazama mlangoni, penye mita.

"Unajua," akasema, "watu walikuwa wakileta malalamiko ofisini. Mita imesomwa vibaya, mita imesomwa vibaya. Kila mwezi, malalamiko ya kila msomaji. Mimi miaka thelathini na moja sijarudishwa hata kwa mita moja."

"Najua, mzee. Ndiyo maana nilikuchagua."

"Sasa unataka niandike kwamba sijui kuhesabu."

"Nataka uandike ulichofanya. Kosa la kutokueleza ni langu, na nitaliandika kwenye barua yangu."

"Barua yako na yangu hazitasomwa kwa sauti moja, binti. Wewe una miaka mingi ya kuandika barua nyingine." Akainuka, akafungua bomba la nje, akalifunga, akalitazama kama limefunga sawasawa. Alikuwa na namna ya kusogea iliyoonyesha kwamba magoti yalikuwa yakimuuma na kwamba hakutaka kuulizwa. "Nikikataa?"

"Kichochoro kitakuwa cha magari."

"Na mama yako mdogo?"

"Atatafuta pengine, kama wengine."

"Hukuanza na hilo."

"Halihusiani na hesabu."

Mzee alimtazama kidogo, akacheka kwa pua. "Ndiyo maana wanakuita vile." Akarudi kukaa. "Nitaandika. Lakini Jumanne nahesabu mimi. Akikaa mwingine kwenye kile kiti, mimi nitakuwa kizee kilichochoka kikaondolewa. Nitahesabu mimi, na itakuwa sawa."

"Wakikuamkia?"

Mzee alifungua kiganja chake cha kulia akakiangalia. "Wakiniamkia," akasema mwishowe, "nitaitikia. Hilo siwezi kuliacha. Nimejaribu kulifikiria sasa hivi hapa, nimeshindwa."

*

Jibu lilikuwa kwenye mwongozo wa kuhesabu watembea kwa miguu, ukurasa wa sita, ambao hakuna mtu katika idara aliyewahi kuufikia: *wapitaji wasizungumze na mhesabu; inapobidi, liwekwe tangazo.* Desimali alipeleka maneno hayo kibandani Jumatatu. Mama mdogo aliyaandika upya kwa namna yake, kwa herufi kubwa nyeusi, akayatia plastiki, akatoboa matundu mawili, akapitisha uzi.

TAFADHALI USIMSALIMIE MHESABU.

"Mwongozo unasema 'usizungumze naye'," Desimali alisema.

"Mtu wa hapa ukimwambia asizungumze, atasema kusalimia si kuzungumza." Akakata uzi kwa meno. "Nitawapitia na wenyewe, kibanda kwa kibanda, niwaeleze."

"Waeleze hilo tu, mama. Mtu asipite mara mbili. Nikigundua mtu kapita mara mbili kwa makusudi, naifuta siku nzima."

"Mtoto wewe una roho ngumu."

"Nitaifuta."

"Nimesikia."

Ili asimtegemee mtu, hata mama mdogo, aliweka mhesabu wa pili upande wa sokoni: mwanachuo aliyekuwa amemaliza mitihani, asiyejua chochote kuhusu jambo lile, aliyepewa kaunta na kuambiwa ahesabu kila kilichotembea.

Jumanne saa mbili kasoro dakika tano Mzee Mita alikuja amevaa koti. Hakuwahi kuvaa koti siku zile nyingine. Alikaa, akaruhusu tangazo litundikwe nyuma ya kiti na lingine mbele, kwenye nguzo, akairudisha kaunta kwenye sifuri.

Mama mdogo alikuwa amefanya kazi yake vizuri. Mafundi viatu walipita wakitazama mbele. Mwanamke mwenye mtoto wa kifua alifungua mdomo, akaona tangazo, akaufunga, akaongeza mwendo. Seremala alipita akiwa ameficha uso kwa ubao aliobeba, mabega yakitikisika. Alidhani ni mchezo, na asubuhi ile labda ulikuwa mchezo. Fundi funguo aliweka kidole midomoni mbele ya wateja wake kama mwalimu wa darasa la kwanza. Kaunta ilisikika hadi kwenye duka la betri, alikosimama Desimali. Tiki. Tiki. Tiki tiki.

Kufikia saa sita mchezo ulikuwa umekwisha, na watu walipita tu. Saa tisa wakaja wa sinema ya alasiri, wakikata njia kutoka sokoni, mikono ikiwa imeshikana, hawamjui mzee wala hawakusoma tangazo. Hawa hawakumsalimia kwa sababu hawakuwa na sababu ya kumsalimia. Wale wengine hawakumsalimia kwa sababu waliombwa. Ukiwa kwenye kiti, ukiwatazama wanavyokuja, tofauti hiyo haikuonekana.

Saa ya mwisho ya kuhesabia mzee alianza kuegemea upande mmoja. Desimali alimletea maji. Alipokea bila kugeuza macho njiani, akanywa, akabonyeza mara tatu.

Saa kumi na mbili kamili alisimamisha. Alinakili namba kwenye fomu kwa mwandiko wake uleule, saba zikiwa na kamstari, akasaini, akampa. Jumla ya saa nne ilikuwa 1,731. Dakika kumi baadaye mwanachuo alileta ya kwake: 1,738.

Desimali alipiga hesabu papo hapo. Tofauti ilikuwa asilimia sifuri nukta nne, ndani ya kiwango kinachokubalika. Kwa namba ya mzee, wastani ulikuwa 433 kwa saa. Kichochoro hakikuwa kimepoteza watu wala kupata wa kutajwa. Kwa kichochoro kile, jumba la sinema na miezi yake mitano lilikuwa limefanya karibu na sifuri. Na safari hii, akiulizwa karibu kwa kiasi gani, angeweza kusema: asilimia mbili nukta tatu.

"Wewe umepungukiwa na saba, mzee."

"Watoto wawili hawajui kusoma," mzee alisema. "Na bibi mmoja hakuwa na miwani. Na wengine wanne." Alikuwa bado amekaa, mikono juu ya magoti. "Waliniamkia."

Desimali aliangalia sehemu ya chini ya fomu, iliyosema *Maoni ya mhesabu*. Mzee alikuwa ameandika: Hakuna.

*

Kamati ilikaa saa tatu na dakika arobaini. Barua ya Mzee Mita ilisomwa na karani kwa sauti ya kusoma orodha ya vifaa. Ilikuwa na sentensi tano. Katika sentensi ya nne alisema kosa ni lake, na katika ya tano alitaja miaka yake ya kazi. Mjumbe mmoja aliuliza kama manispaa haina watu wenye uwezo wa kuhesabu. Mwakilishi wa jumba la sinema aliuliza kama siku moja inatosha kufuta siku nne. Desimali alisema haitoshi, na kwamba siku nne zilizo na kosa lilelile hazitoshi hata kidogo. Ombi la njia ya magari likakataliwa. Ukurasa wa ishirini na tisa ukachapwa upya.

Kichochoroni habari hazikupokelewa kama alivyodhani.

"Asilimia mbili?" fundi funguo aliuliza. "Kwa hiyo tuko vilevile?"

"Vilevile. Na mnabaki."

"Sasa huku kuchoka kwetu tumlaumu nani?" Akaendelea kusugua ufunguo wake kwa tupa.

Mama mdogo alimkumbatia, akamwambia amekonda, akamrudisha kwenye kigoda kilicho mbali na dimbwi. Lile tangazo alikuwa amelihifadhi. Alisema plastiki ile ni nzuri, haitupwi.

Mzee Mita walimwamkia siku iliyofuata kama zamani, ila sasa kulikuwa na utani. "Mzee Mita, leo ruksa?" Seremala aliuanzisha. Kufikia wiki iliyofuata kila mtu alikuwa nao, hata wenye huruma, hata yule mama mwenye mtoto wa kifua. Kila aliyemwamkia alitanguliza kuomba ruhusa, kisha akacheka. Mzee aliwaitikia wote. Baada ya wiki mbili akaacha kupita kichochoroni.

Desimali hakujua hayo hadi mama mdogo alipomwambia. Alimkuta mzee mwezi uliofuata, saa kumi alasiri, kwenye benchi la mbele ya jumba la sinema, ambalo wenye jumba waliliweka kwa ajili ya wanaosubiri. Alikuwa na koti lilelile. Watu wa barabara kuu walipita mbele yake, elfu nne kwa saa, wakiwa na bisi na simu zao, wakimkwepa kama wanavyolikwepa benchi.

"Shikamoo, mzee wangu."

Alisogea kumpa nafasi. "Marahaba, binti. Hamjambo nyumbani?"

"Hatujambo."

"Kazini?"

"Tunaendelea. Lifti bado."

"Na mama mdogo, presha?"

"Imeshuka kidogo."

Mzee alitikisa kichwa kuonyesha amesikia. Milango ya jumba ilifunguka, watu wa saa nane wakatoka wakifinya macho kwenye mwanga, wakajaa mbele yao, wakapungua.

"Lile bomba la nyuma ya kibanda," akasema. "Bado linavuja?"

"Bado linavuja."